Usikifungue Kifundo cha Tano

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, nina miaka 34, na kazi yangu ni ufundi wa majokofu hapa Dar es Salaam. Babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha wa jahazi. Alipakia boriti, nazi, chumvi na papa mkavu, akaenda Mafia, Unguja, Tanga, na mara nyingine mpaka Mombasa na Lamu. Chumbani mwake kulikuwa na bweta la msaji lenye kufuli, na sisi wajukuu tulikatazwa hata kuliegemea.

Babu alifariki mwaka juzi. Baba, aliyekuwa mwanawe wa kwanza, akamfuata miezi saba baadaye. Mwezi uliopita ami yangu na shangazi zangu wawili wakakubaliana bweta lifunguliwe. Basi langu liliharibika njiani, nikafika siku ya pili, na hapo ndipo penye mkasa.

Ndani ya bweta mlikuwa na vifundo vitano vya vitambaa vya zamani, kila kimoja kimekazwa fundo la baharia. Dada yangu alivifungua vinne na kuvimwaga vyote pamoja kwenye sinia ili vihesabiwe. Ni sarafu 87. Cha tano fundo lake lilikuwa gumu, akakiacha. Kisha, kwa nia njema kabisa, akachukua baadhi ya zile nyeusi akazilaza kwenye bakuli la ukwaju usiku kucha, kama bibi alivyokuwa akifanya sufuria za shaba. Nilipofika tisa zilikuwa zimeng'aa kama mpya. Moja katika hizo ndugu zangu wanaapa ilikuwa na maandishi. Sasa ni bapa tupu.

Nimezipanga kwa kadiri ya akili yangu. Kuna 46 ndogo za shaba, nyeusi au za kijani, hazina umbo maalumu, nyingine zimepasuka ukingoni. Zina maandishi ya Kiarabu. Nimehitimu msahafu, Kiarabu nasoma, lakini herufi hizi hazina nukta na nyingine zimekatika. Nadhani naona "Ali" na "al-Hasan". Hakuna mwaka wala jina la mji. Kuna 11 za fedha, nene, kama vidonge, upande mmoja maandishi kama ya Kiarabu na upande wa pili kuna yanayofanana na ya Kihindi. Moja naisoma 978. Je, ina miaka mia nne na hamsini? Kuna 26 za shaba zenye picha ya mizani na namba 1299. Kuna reale mbili kubwa za yule mama mnene, 1780. Kuna moja ina tundu la mraba katikati. Na kuna moja ya dhahabu, nyembamba mno, imetobolewa juu. Upande mmoja kuna mtu amepiga magoti mbele ya mwenzake, upande wa pili mtu amesimama katikati ya nyota.

Ami anataka zigawanywe kwa idadi kabla mwezi haujaisha, kila mtu ashike chake. Na kuna bwana mmoja amekwishapiga simu, anasema atazichukua zote kwa mkupuo kwa shilingi laki sita, na hataki maneno mengi. Mimi sitaki kuonekana nazuia haki za watu. Lakini roho yangu inaniambia tunakata mti bila kujua ni mti gani. Nitajuaje sarafu hizi ni za nani na za lini?

Bado yuko hai baharia mmoja aliyesafiri na babu, mzee wa miaka themanini na kitu, yuko Kilindoni, Mafia. Vile vitambaa vinne vimo bado ndani ya bweta.

Mjukuu wa Nahodha

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa misiba miwili iliyofuatana.

Mwambie dada yako asijilaumu, ila ukwaju urudi jikoni. Sufuria ni shaba nzima, ukiikwangua unakuta shaba nyingine. Sarafu iliyolala ardhini karne kadhaa haiko hivyo. Chumvi na unyevu vimeila, na ule weusi na ukijani unaouona ni ngozi iliyojijenga polepole juu yake. Mara nyingi herufi zimebaki ndani ya ngozi hiyo tu, kwa sababu shaba ya chini imekwisha. Asidi ya ukwaju, ndimu au siki huivua ngozi pamoja na maandishi. Hiyo moja iliyokuwa bapa haitarudi. Nane zilizobaki zisuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, zikauke kabisa kwenye kivuli, kisha usiziguse tena. Zilizosalia usizioshe hata kwa maji. Mchanga uliolegea utoe kwa brashi laini, ile ya kupakia rangi watoto, na uishie hapo.

Kagua pia kama kuna zenye madoa ya kijani cha mpauko yanayopukutika kama unga. Huo si uzee, ni maradhi: chumvi iliyomo ndani ya shaba ikipata unyevu huendelea kuila mpaka inakuwa vumbi. Zitenge, uziweke pakavu. Vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo sisi sote huvitupa, ndivyo dawa yake ya kwanza. Kila sarafu na bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana nailoni nyingine hutoa mvuke unaoidhuru shaba.

Sasa tuje kwenye swali lako. Kabla ya kuuliza sarafu ni ya nani, uliza ilitengenezwaje, maana jibu hilo peke yake linakupunguzia nusu ya kazi. Zamani fundi alikuwa na mihuri miwili ya chuma. Mmoja aliukaza kwenye gogo au fuawe, wa pili aliushika mkononi. Kati yake aliweka kidonge cha shaba au fedha, akapiga nyundo. Kwa sababu mkono si mashine, kila pigo lina tabia yake: picha imekaa upande, herufi zimemwagika nje ya ukingo, ukingo umepasuka, unene haulingani. Shika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, uigeuze. Ya mashine upande wa pili utaukuta umesimama wima au umepinduka kamili, na wenzake wote vivyo hivyo. Ya nyundo utaukuta umelala pembe yoyote ile, na jirani yake amelala kwingine.

Kwa kipimo hicho zile 26 za mizani zinatoka nje ya mjadala. Hizo ni pesa za Sayyid Barghash wa Zanzibar, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi, zilizopigwa kwa mashine Ulaya. Zilienea pwani nzima, ndiyo maana nahodha alikuwa nazo nyingi, na jina lao lenyewe, pesa, limetoka Bara Hindi kabla ya kuwa jina la fedha zote tunazozililia. Reale mbili nazo ni za mashine. Tazama unene wa ukingo wake, utaona maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Yule mama ni Maria Theresa wa Austria. Alifariki 1780, na wafanyabiashara wa Arabuni na Afrika ya Mashariki wakakataa kupokea reale yenye mwaka mwingine wowote. Basi viwanda vikaendelea kuipiga ileile, mwaka uleule, kwa zaidi ya karne moja. Zako zinaweza kuwa za zama za babu wa babu yako, au za juzi tu. Zipime: nzima haiachi gramu 28. Ya tundu la mraba haikupigwa nyundo wala mashine, imemiminwa kwenye kalibu, na ni ya huko Uchina au nchi jirani zake. Herufi nne kuzunguka tundu ndizo zitakazosema zaidi. Nipigie picha yake ukiwa na mwanga mzuri.

Zinabaki 58 za nyundo, na hapa tutulie.

Umeniuliza kuhusu 978. Ungekuwa mbele yangu ningekupa mkono, maana umesoma sawasawa, ila umeingia mtego ambao wazee wetu wa kupima sarafu wameuingia sana. Hizo za fedha, kama maelezo yako hayanidanganyi, ni kori za Kutch, ile nchi ya pwani ya Gujarat walikotoka mabaharia na wafanyabiashara wengi waliohamia Zanzibar na Kilwa Kivinje. Mwaka 978 Hijria ni 1570 au 1571, wakati wa Muzaffar Shah wa Tatu wa Gujarat. Akbar, mfalme wa dola ya Mughal ya Bara Hindi, aliichukua Gujarat mwaka 1573, lakini watawala wa Kutch waliendelea kupiga kori zenye jina la Muzaffar na mwaka wake uleule, miaka mia mbili na zaidi, kwa sababu soko lilikwisha kuiamini. Ni hadithi ya reale ya 1780, imetangulia tu. Jina la mtawala wa kweli aliyeipiga limeandikwa upande ule uliosema unafanana na Kihindi. Ni maandishi ya Nagari, na msomaji yeyote wa Kigujarati mwenye subira atakusaidia, nenda msikitini kwa Wakutchi au dukani Kisutu ukaulize kwa adabu. Kori nzima ina gramu 4.6 hivi. Kumi na moja pamoja zinanifanya nidhani ni malipo ya shehena, wala si mkusanyo wa mtu mwenye shauku ya vitu vya kale.

Ile ya dhahabu imenifurahisha. Mtu aliyesimama katikati ya nyota ni Kristo. Anayepiga magoti ni mtawala wa Venezia, doji, akipokea bendera kutoka kwa Marko Mtakatifu. Ndiyo dukati ya Venezia, iliyopigwa kwa mtindo huohuo kuanzia 1284 mpaka jamhuri ile ilipoanguka mwaka 1797, na ilisafiri kupitia Misri na Bahari ya Shamu mpaka Bara Hindi. Lakini tahadhari! Kule India mafundi waliiiga kwa ajili ya mikufu ya wanawake, na walioiiga hawakujua Kilatini. Soma maandishi ya upande wa Kristo. Ya Venezia yenyewe yanaanza SIT T XPE, na upande wa pili kuna jina la doji, ambalo ndilo litakalokupa miaka yake. Ukikuta vijiti na vidoti visivyo na maana, hiyo ni ya mkufu, na tundu lako linaegemea huko. Ya kweli ina gramu 3.5. Usimpe sonara aisugue kwenye jiwe lake. Atakuambia ni dhahabu, jambo ambalo unalijua, na atakuachia kovu.

Sasa zile 46.

Herufi zisizo na nukta, shaba ndogo isiyofika upana wa sentimita mbili na nusu, haina mwaka, haina mji, na majina ya Ali na al-Hasan. Mwanangu, hujaenda mbali na nyumbani. Hizo zina kila dalili ya kuwa sarafu za masultani wa Kilwa Kisiwani, ng'ambo tu ya maji kutoka Kilwa Masoko. Na kuna siri moja ya kuzisoma ambayo mtu wa pwani ataielewa haraka kuliko profesa. Zina vina.

Ndiyo, vina, kama shairi. Upande mmoja umeandikwa sifa ya kumtumaini Mungu, upande wa pili jina la sultani, na pande mbili zinafungana kwa sauti. Upande wa kwanza: *yathiqu bi-mawla al-minan*, anamtumaini Mola mwenye neema. Unaigeuza: *Ali bin al-Hasan*. Minan, Hasan. Sarafu nyingine upande mmoja unasema *yathiqu bi-l-wahid al-mannan*, anamtumaini Mmoja Aliye Mwingi wa kutoa, na ukiigeuza: *al-Hasan bin Sulaiman*. Mannan, Sulaiman. Wakati mataifa mengine yanatia vichwa vya wafalme kwenye fedha zao, watu wa Kilwa walitia beti.

Manufaa yake kwako ni haya. Sarafu iliyolika mara nyingi upande mmoja umekufa na mwingine unapumua. Ukiweza kusoma mwisho wa sifa, umekwisha kubahatisha baba wa sultani hata kama jina lake limefutika. Ukiona alifu ndefu kabla ya nuni ya mwisho, yaani -ān ya kuvuta, mtafute Sulaiman upande wa pili. Ukiona nuni ya mwisho isiyotanguliwa na alifu, mtafute al-Hasan, kisha jina la mbele ndilo litakaloamua: Ali, au Sulaiman, au Daud, maana wote hao wameonekana kwenye shaba za Kilwa wakiwa wana wa al-Hasan. Ali ni fupi, ayni na lamu na mkia wa ya. Daud ina dali mbili na wau zisizoungana na kinachofuata, kwa hiyo jina linaonekana limekatikakatika. Sulaiman huanza na meno ya sini. Utakutana pia na zenye maneno *Nasir al-Dunya*, mwenye kuinusuru dunia. Hiyo ni lakabu, jina hakuacha, na wataalamu hawajaafikiana alikuwa sultani gani. Ukiikuta andika "Nasir al-Dunya" na uishie hapo. Sarafu iliyoandikwa nusu kwa uaminifu ni bora kuliko iliyopewa jina la kupachika.

Namna ya kuzisoma ni mwanga, si kusugua. Kaa karibu na dirisha asubuhi jua likiwa chini, au zima taa usiku uweke tochi ya simu ubavuni mwa sarafu, sawa na meza. Izungushe polepole. Kivuli kitaamsha herufi ambazo mwanga wa juu unazilaza. Piga picha nne kwa kila upande, mwanga ukitokea pande nne. Kisha chora kwa penseli ulichokiona, si unachodhani kinapaswa kuwapo. Mimi mwenyewe nimewahi kumpa Daud mali ya Ali kwa sababu nilitaka sana kumwona Daud.

Nunua mizani ndogo ya sonara yenye kusoma sehemu mia za gramu. Si ghali, na wewe ni fundi, utaielewa kuliko mimi. Andika uzito na upana wa kila moja. Zikitokea tano zenye uzito uleule mpaka senti ya mwisho na ufa uleule mahali palepale, hizo zimemiminwa kutoka kwa moja, ni za kuuzia watalii.

Za lini basi? Al-Hasan bin Sulaiman tunaye mkononi. Ni Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Jumba la Husuni Kubwa huhusishwa naye. Sarafu yenye jina lake imepatikana mpaka Great Zimbabwe, kwenye njia ya dhahabu. Ali bin al-Hasan ni kazi zaidi. Tarikh ya Kilwa, kitabu cha kale cha habari za masultani wake, inamfanya mwanzilishi aliyetoka Shiraz. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alimweka karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, ikaibuka hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, za mtindo huuhuu wa vina, jina la Ali bin al-Hasan likiwamo, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Dinari zina miaka, na miaka hiyo ni ya karne ya kumi na moja. Ali akarudi nyuma zaidi ya miaka mia kwa siku moja. Angalia kilichomrudisha: si uzuri wa sarafu yake, bali majirani aliolala nao ardhini.

Ndiyo sababu nimekuandikia kwenye kichwa usikifungue kifundo cha tano.

Babu yako hakuwa akifunga vifundo kwa kupenda mafundo. Mtu aliyekuwa na sarafu za nchi mbalimbali asingezigawa vitambaa vitano bila hesabu yake kichwani. Huenda kila kitambaa ni safari, au mahali zilipookotwa, au mtu aliyempa. Vinne vimechanganyika, haya, yamekwisha. Hicho cha tano kipigeni picha kilivyo, fundo na yote. Kikifunguliwa, kifunguliwe mbele ya ami na shangazi zako wote wawili, simu inarekodi, na zilizomo zisiguse sinia moja na zile 87.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa ufukweni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yao. Aliziweka kwenye kopo miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1979 zilipopelekwa kutambuliwa, nne zilikuwa za kampuni ya Waholanzi na tano za Kilwa! Hakuna aliyeeleza mpaka leo zilifikaje. Lakini watu wanaendelea kuvuka bahari kwenda kuchunguza pale, kwa sababu yule askari alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani. Bila ile X zingekuwa chenji ya shaba.

Kwa hiyo yule bwana wa laki sita mjibuni kwamba haziuzwi. Anayenunua kwa mkupuo na hataki maneno mengi anajua maneno ni nini. Tena kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Sarafu za Kilwa ni za kabla ya hapo kwa karne nyingi, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Nendeni wenyewe Makumbusho ya Taifa au Idara ya Mambo ya Kale, mkiwa na orodha na picha, muulize kabla hamjaulizwa. Familia inayokwenda kwa miguu yake hupokelewa tofauti na inayofuatwa.

Kuhusu ami yako, usimchukulie kama adui wa historia. Anaona mirathi ya baba yake imelala kwenye sinia na vijana wanaanza kuingiza maneno. Na haki ni yake. Ila kugawa kwa idadi ndiko kusiko na haki: atakayepata pesa ishirini za Barghash na atakayepata dukati moja watakuwa wamepewa nini? Mwambie hivyo, kwa heshima, na usimwambie mbele ya watu. Mpe yeye ndiye awe mshika orodha. Kila sarafu namba yake, uzito, picha mbili, saini za warithi chini ya kila ukurasa, nakala nne. Mkiisha kuwa na orodha hiyo, kadhi ataweza kuwaongoza juu ya thamani, na zile 46 mnaweza kukubaliana zibaki kundi moja kwa jina la babu bila mtu kuhisi ameibiwa.

Halafu vile vitambaa vinne. Nashukuru mno kwamba hamkuvitupa, na tafadhali visifuliwe. Vitandaze kwenye meza nyeupe uvitazame kwa ndani. Shaba ikikaa kwenye kitambaa miaka mingi huacha duara la kijani, fedha huacha weusi, na dhahabu haiachi kitu. Hesabu maduara, pima upana wake. Kitambaa chenye maduara ya kijani arobaini madogo, yasiyo mviringo, kimejieleza chenyewe. Ukikuta maduara makubwa zaidi, mviringo kamili, hizo ni pesa za mizani. Hutarudisha yote, lakini utashangaa utakachorudisha. Na tazama vitambaa vyenyewe ni vya nini. Kama kuna kipande cha kanga, hata herufi tatu za jina lake, kuna bibi mahali fulani atakayekumbuka kanga hiyo ilitoka mwaka gani.

Kisha panda boti uende Kilindoni. Mchukulie yule mzee tende na kahawa, sarafu uziache nyumbani. Mpelekee picha za vitambaa. Usimuulize "sarafu hizi ni za nani", atakujibu ni za Mungu, na atakuwa sawa. Muulize kitambaa hiki nahodha alikifunga wapi, na kulikuwa na upepo gani.